LSD ya gia, ya klachi au loki: ipi ifungwe kwenye 4x4 ya kila siku?

Difu ni seti ya gia inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya ekseli; LSD (limited-slip differential) ni difu inayopunguza tairi moja kuteleza peke yake, na loki huyafunga yote mawili yazunguke pamoja. Hukumu kwanza. Kwa gari linalokwenda kazini kwenye lami wiki nzima na kuingia porini mara mojamoja, LSD ya gia kwenye ekseli ya nyuma ndiyo inayostahili pesa; Eaton Truetrac ndiyo inayojulikana zaidi katika kundi hilo. LSD ya klachi inafaa kama gari limetoka nayo kiwandani na mwenyewe yuko tayari kuihudumia. Loki ya kuwasha na kuzima ni ya mtu ambaye tairi lake huning'inia hewani kila safari. Loki inayojifunga yenyewe haifai kwa gari la kila siku, hasa likiwa gari fupi.

Difu ya kawaida huyapa magurudumu yote mawili nguvu sawa, kila wakati, na balaa linaanzia hapo. Chukua tairi la kushoto lililo kwenye tope linalohimili Nm 200 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kabla ya kuteleza. La kulia liko kwenye ardhi kavu, lakini nalo litapata Nm 200 hizo hizo, hata kama injini ina uwezo wa kutoa mara nne yake. Jumla ni Nm 400, gari halitoki, na tairi la kushoto linaendelea kuchimba shimo lake.

Kazi ya LSD ni kuvunja usawa huo kwa kiasi. Neno "kiasi" lishikwe vizuri, kwa sababu malalamiko mengi kuhusu LSD yanatoka kwa watu walionunua LSD wakitaraji loki.

LSD ya klachi

Ndani ya kasha la difu kuna pakiti mbili za sahani, moja nyuma ya kila gia ya pembeni (gia inayozungusha ekseli ya kila tairi). Sahani moja imeshikana na gia, inayofuata imeshikana na kasha, na hivyo hivyo kwa kupokezana. Springi huzibana muda wote; huo ndio mbano wa awali. Ukikanyaga mafuta, gia za ndani husukumana kando na kuziongezea sahani mbano. Dana Trac-Lok, Eaton Posi na LSD nyingi za kiwandani za pikapu za Kijapani zinafuata mpango huu.

Uzuri wake ni kwamba mbano wa awali upo hata tairi moja likiwa hewani, kwa hiyo lililo chini halikosi kabisa. Ubaya wake ni kwamba sahani zinaisha, na hazisubiri porini ndipo ziishe. Piga hesabu ya kona moja ya mjini. Gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya matairi ya nyuma likikata kona ya nyuzi 90, tairi la nje husafiri mita 2.36 zaidi ya la ndani, kona iwe pana au finyu. Mzingo wa tairi la 245/75R16 ni kama mita 2.43. Maana yake tairi la nje limezunguka karibu mzunguko mzima zaidi, na kila pakiti ya sahani imesuguana kwa karibu nusu mzunguko. Zidisha kwa kona zote za wiki moja. Ndiyo maana LSD ya klachi kwenye gari lililotembea sana, ambalo halijawahi kuguswa difu, mara nyingi imebaki jina tu.

Kuipima ni kazi ya dakika chache. Weka gia huru, achia hendibreki, ziba matairi ya mbele kwa vigingi, inua tairi moja la nyuma na kuacha la pili chini. Zungusha kitovu cha tairi lililo juu kwa spana ya torki na usome nguvu inayohitajika ili liendelee kuzunguka. Kwa Trac-Lok, vitabu vya Jeep vinasema chini ya Nm 41 au zaidi ya Nm 271, difu ifunguliwe. Magari mengine yana namba zake. Zitafutwe kwenye kitabu cha gari husika na zisikisiwe. Usipumbazwe na lile jaribio la kuinua matairi yote mawili na kuzungusha moja ili kuona kama la pili linafuata upande uleule. LSD ya klachi iliyochoka huzunguka kinyume kama difu ya kawaida, na LSD ya gia isiyo na mbano wa awali hufanya hivyo hivyo hata ikiwa mpya kabisa.

Ugonjwa wa pili ni kelele. Ukikata kona taratibu, kwa mfano unapoegesha, nyuma kunakoroma na gari linatetemeka kwa vipande vipande. Sahani zinashika, zinaachia, zinashika tena. Mara nyingi oili ndiyo yenye kosa, ama imewekwa bila dawa ya LSD, ama imeingia maji. Dawa hiyo huuzwa kwenye vichupa vidogo, na kiasi cha kawaida kwa ekseli moja ni mililita 100 hadi 120. Soma kopo la oili kwanza, kwa kuwa oili nyingine zimeshachanganywa dawa kiwandani. Ukimimina chupa mbili ili kukomesha kelele haraka, utaikomesha kweli, na LSD utakuwa umeizima: sahani zitateleza tu na utabaki na difu ya kawaida ya bei kubwa.

Eaton Posi huuzwa na springi za ukali tofauti. Kwa gari la kila siku chukua za wastani au laini. Springi kali humfurahisha dereva wa mbio, wewe utaishia kusikiliza mkoromo kila unapoingia kwenye maegesho, na sahani zitaisha mapema. Bora ni kwamba Posi na Trac-Lok hutengenezeka. Unanunua pakiti ya sahani na springi, kasha linabaki. LSD za koni, kama za Auburn, zina mbano mzuri zikiwa mpya, lakini koni husuguana na kasha lenyewe. Vikiisha, kifaa chote kinabadilishwa.

LSD ya gia

Hapa hakuna sahani. Kuna gia za meno ya mshazari zilizolala ndani ya matundu ya kasha, zikizunguka gia za pembeni. Tairi moja linapotaka kukimbia kuliko jingine, gia hizo husukumwa na nguvu ya injini zikabana kwenye kuta za kasha, na msuguano huo ndio unaopeleka nguvu upande wenye mshiko. Usipokanyaga mafuta, mbano ni mdogo sana. Kwenye lami utasahau kama ipo: haina kelele wala haihitaji dawa, na usukani hauvutwi kwenye kona za kawaida. Truetrac, Torsen na Quaife zote ni za ukoo huu, ingawa kila moja imepangwa ndani kwa namna yake.

Kipimo cha kuuliza dukani ni uwiano wa kubana. Ukiwa 3 kwa 1, tairi lenye mshiko linaweza kupewa hadi mara tatu ya linaloteleza. Rudi kwenye tope letu: kushoto Nm 200, kulia Nm 600, jumla Nm 800. Umepata mara mbili ya difu ya kawaida bila kubonyeza kitu.

Sasa linyanyue tairi la kushoto hewani kabisa. Mara tatu ya sifuri ni sifuri. LSD ya gia inakufa hapo, kasoro mbano mdogo wa awali ambao baadhi yake zinao, na hakuna tangazo la dukani litakalobadilisha hesabu hiyo. Dawa ni breki. Tairi lililo hewani likizuiwa kwa Nm 150, lililo chini linaweza kupata hadi Nm 450. Dereva wa gia za otomatiki hufanya hivyo kwa mguu wa kushoto, akigusa breki huku mguu wa kulia uko kwenye mafuta. Mwenye gia za mkono atavuta hendibreki kidogo, alama mbili tatu, mradi hendibreki yake inashika matairi ya nyuma. Kwenye Land Rover Defender ya zamani hendibreki inashika propela shafti, kwa hiyo ukiivuta unazuia ekseli nzima na hupati chochote.

Gari lenye mfumo wa kompyuta wa kugusa breki ya tairi linaloteleza hufanya kazi hiyo lenyewe, na hapa ndipo LSD ya gia inapopata rafiki wa kweli. Kwa difu ya kawaida, breki ya Nm 150 huleta Nm 150 upande wa pili. Kwa LSD ya gia, breki ileile huleta hadi mara tatu, breki hazichemki haraka, na gari halisubiri tairi lizunguke bure kwa muda mrefu ndipo kompyuta iamke. Mwenye gari lenye mfumo huo hana sababu nzito ya kuiacha LSD ya gia na kuchukua ya klachi.

Na pale klachi inapoishi kwa kusuguana, gia hizi huisha taratibu mno. Kinachoziua ni oili chafu, oili pungufu, au mtu kuzungusha tairi hewani kwa mafuta mengi kisha likatua ghafla kwenye jiwe. Pigo la namna hiyo haliichagui difu, litavunja chochote kilicho dhaifu kwenye mnyororo, na mara nyingi ni ekseli.

Mteremko wa ubavuni, jambo lisiloandikwa kwenye boksi

Difu ya kawaida ikiteleza, tairi moja huzunguka na la pili hubaki limetulia, na hilo lililotulia ndilo linaloizuia nyuma ya gari isiserereke kando. LSD na loki huyazungusha yote mawili. Kwenye njia ya udongo iliyolowa na kuinama upande mmoja, nyuma itateremka kuelekea mtaroni pole pole huku pua ikiangalia juu. Barafu hufanya hivyo hivyo. LSD ya klachi yenye mbano mkali ni mbaya zaidi hapa kwa sababu hubana hata kwa mafuta kidogo, ilhali ya gia hubana kadiri unavyokanyaga, hivyo mguu mwepesi unakuokoa. Kwa gari linaloendeshwa na watu zaidi ya mmoja nyumbani, hoja hii peke yake ingetosha kuamua.

Loki

ARB Air Locker hutumia upepo wa kompresa, nyingine kama Eaton ELocker hutumia umeme. Zikizimwa ni difu ya kawaida, zikiwashwa ekseli ni kipande kimoja. Kwa majabali, makorongo na mitaro inayoinua tairi, hakuna LSD inayozifikia. Gharama yake ni zaidi ya kifaa chenyewe: kompresa, bomba, swichi, tundu la kutoboa kwenye nyumba ya difu, na sili za upepo ambazo siku moja zitavuja. Sili hizo zikivuja, oili inaweza kupanda juu hadi kwenye vali. Kama gari tayari limetoka na loki ya nyuma kiwandani, usiing'oe ili kuweka LSD.

Detroit Locker na zile ndogo zinazoingia ndani ya kasha la zamani hujifunga zenyewe na kuachia tairi la nje kwenye kona. Zinafanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini kwenye lami unasikia mlio wa kukatika, na ukiachia mafuta katikati ya kona gari linabadili mwelekeo kidogo. Gari refu na zito hulistahimili hilo, fupi hurushwa, hasa kwenye mvua.

Mbele ya gari sheria ni fupi: usiweke LSD ya klachi yenye mbano mkali kwenye ekseli inayopiga kona. Ya gia inakubalika, na 4x4 ikiwa imezimwa na habu zimefunguliwa hutaisikia.

Kabla ya kulipa

Jua ekseli yako kwa jina na namba, si kwa jina la gari. Hesabu meno ya mwisho wa ekseli: Dana 44 mara nyingi ni 30, Toyota ya inchi 8 ni 30, Ford 8.8 ni 28 au 31, Chrysler 8.25 ni 27 au 29. Kisha jua uwiano wa krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Kwenye Dana 44, kasha la 3.73 kushuka chini halikai na krauni ya 3.92 kupanda juu, kwa sababu uso wa krauni unakaa mahali tofauti. Ukibadilisha matairi makubwa na ukawa na mpango wa kubadili krauni mwakani, nunua LSD ya uwiano unaokuja, na mafundi wafanye vyote kwa mkupuo mmoja.

Kosa lingine la wanunuzi linahusu Torsen ya katikati. Prado 120 na Land Cruiser 200 zina Torsen kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Hiyo haisemi lolote kuhusu difu ya nyuma, ambayo inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Angalia kibao cha gari, au tafuta karibu na boliti ya kujazia oili maandishi yanayoagiza oili ya LSD.

Kufunga

Unapobadili kasha tu, pinioni haiguswi. Kazi yote iko pembeni, kwenye shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi) au nati za kurekebisha. Kabla ya kufungua, pima mchezo (nafasi ya kulegea) kati ya krauni na pinioni kwa geji ya saa na uandike. Tia alama kepu za beringi, kushoto na kulia, juu na chini. Zilichongwa pamoja na nyumba ya difu, na ukizibadilisha beringi zitakaa kombo. Shimu za kila upande zifungwe pamoja na karatasi yenye jina la upande. Toyota ya inchi 8 haina shimu za pembeni bali nati za kuzungusha, na difu yote hutoka mbele ikafanyiwa kazi mezani, raha tupu kwa fundi.

Krauni ipigwe kwa upole ikizungukwa, isivutwe na boliti ikaingia kimshazari. Nyuso zisafishwe, boliti mpya zikiwezekana, gundi nyekundu ya nyuzi, zikazwe kwa kuvuka kama misumari ya tairi kwa torki ya kitabu. Ekseli kadhaa za GM zina boliti za krauni za uzi wa kushoto. Ukizilazimisha utakata kichwa. Beringi za pembeni ziwe mpya, kwani za zamani huumia zikivutwa kutoka kwenye kasha la awali.

Mchezo wa krauni kwa ekseli nyingi za ukubwa huu huangukia kati ya mm 0.13 na 0.20. Upime sehemu nne za mzunguko. Tofauti ikizidi mm 0.05 kuna uchafu chini ya krauni au kasha limepinda. Mwisho paka meno rangi ya kupimia, zungusha, na utazame alama: iwe katikati ya jino, mbele na nyuma. Gari likitoka gereji na mlio wa kuimba kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa ambao haukuwepo, usiambiwe kwamba LSD ndivyo zilivyo. Mchezo haukupimwa.

LSD mpya ya klachi ipelekwe kwenye uwanja wazi ikachore namba nane taratibu, mara 10 hadi 15, kushoto na kulia, ili sahani zinywe oili. Oili ya kwanza imwagwe baada ya kama kilomita 800. Itatoka na unga wa kijivu, na huo ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kidole si vya kawaida.

Oili, matairi na jeki

Oili ni GL-5 (daraja la oili ya gia). Kwa Truetrac, Eaton wanataka oili ya madini, si ya sintetiki, na bila dawa ya kupunguza msuguano, kwa sababu msuguano ndio unaolipiwa. Fundi aliyezoea LSD za klachi atataka kumimina dawa hata hapo. Mwambie mapema, na uandike kwa rangi kwenye kifuniko cha difu.

Ukivuka maji yanayofika kwenye ekseli, fungua boliti ya kujazia kesho yake. Difu ikiingia majini ikiwa moto, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, na tundu la kupumulia likiwa limeziba, maji huvutwa kupitia sili. Oili ya rangi ya maziwa imwagwe siku hiyohiyo. Mpira wa tundu hilo uuongeze hadi juu ya chasisi. Ni kazi ndogo kuliko zote na ndiyo inayorukwa kila mara.

Matairi ya ekseli moja yawe sawa. Tairi jipya la 245/75R16 upande mmoja na lililoisha kwa mm 8 upande wa pili hutofautiana karibu mizunguko 9 kwa kila kilomita. Kwenye LSD ya klachi hiyo ni barabara iliyonyooka inayosaga sahani kana kwamba ni kona isiyoisha. Tairi la akiba la ukubwa tofauti lifungwe mbele, si kwenye ekseli yenye LSD, hata kama itabidi uhamishe matairi mawili kando ya barabara.

Na pancha ikitokea, au fundi akitaka kusikiliza beringi, asiwashe injini na kuingiza gia huku tairi moja la nyuma liko juu ya jeki. Kwa difu ya kawaida lililo juu lingezunguka peke yake. Kwa LSD, lililo chini linaweza kupata nguvu, na gari likaruka kutoka kwenye jeki.